Kitabu Kisicho na Nambari

Kwenye maktaba ya manispaa, ukipita meza ya kuazimia vitabu na rafu za magazeti ya zamani, unakuta mlango wa kijani usio na kibao. Nyuma ya mlango huo Mama Mikono alifanya kazi miaka ishirini na sita, akishona na kutia gundi vitabu vilivyochanika. Jina hilo alipewa na watoto. Kila mtoto aliyechungulia pale alikutana na neno moja kabla hata ya salamu: "Mikono." Hapo alitakiwa kuinyoosha yote miwili, juu na chini, ikaguliwe kama ya mpishi wa hospitali. Wengi walikimbia, naye hakusikitika.

Watoto kwa kweli hakuwapenda, na hakuficha. Mtu mwingine akiona mtoto ameshika kitabu anafurahi. Yeye aliona vidole vya mafuta, kona za kurasa zilizokunjwa, na picha ya simba iliyochorewa miwani. Alikuwa na kifutio kizito cha kuondolea alama za vidole, na alikitumia kwa hasira, mdomo ameubana, kana kwamba mwenye vidole hivyo alikuwa mbele yake.

Kazi aliijua ndani na nje. Sindano zake zilikaa kwa ukubwa, uzi aliupitisha kwenye nta kabla ya kushona, na mgongo wa kitabu alichokifunga yeye ungeweza kukaliwa na watoto wa familia tatu bila kulegea. Siku mkutubi wa watoto, kijana mpole aliyetoka chuoni juzijuzi, alipothubutu kubandika selotepu kwenye ukurasa uliochanika, Mama Mikono alimshushua mbele ya wasomaji mpaka kijana wa watu akakosa pa kuweka uso. "Hii ni plasta ya kidonda?" alimwuliza. "Kitabu kinaumwa?" Tangu hapo mkutubi alipotaka kupita mlango wa kijani alikohoa kwanza.

Ila kulikuwa na jambo moja ambalo Mama Mikono hakumwambia mtu. Vitabu alivishika maelfu, lakini hakuwahi kusoma hata kimoja hadi mwisho. Kusoma alijua. Tatizo ni kwamba akisoma maneno zaidi ya ukurasa mmoja shingo ilianza kumtoka jasho, kwa sababu alipokuwa msichana mwalimu alimsimamisha juu ya dawati asome kwa sauti, akakwama kwenye neno moja, na darasa zima likacheka mpaka kengele ilipolia. Basi akaamua kuvipenda vitabu kwa nje. Kurasa alizipanga kwa nambari zilizochapwa chini yake, na yaliyoandikwa katikati aliwaachia wenye nafasi.

Sasa, mdogo wake wa kiume, dereva wa lori, alikuwa na binti wa miaka kumi aliyeitwa Kiroboto na nyumba nzima, maana kukaa mahali pamoja kulimshinda. Kiroboto alikuwa darasa la nne na hakusoma. Mbinu zake zilijulikana. Akiitwa asome, tumbo lilimuuma. Tumbo likikataliwa, alitaka kwenda chooni. Choo kikikataliwa, alimtegea sikio jirani yake asome kwanza, kisha akayarudia yale yale kwa kichwa, macho yakiwa kwenye ukurasa mwingine kabisa. Kwa mbinu hizo alifika darasa la nne bila kushtukiwa, na ukifikiria vizuri, hiyo si kazi ya mtoto mjinga.

Mwisho mwalimu alimshtukia. Barua ikaja nyumbani: baada ya wiki nne Kiroboto atasoma ukurasa mmoja mbele ya mwalimu mkuu, katika kitabu ambacho hajawahi kukiona. Akishindwa, atarudishwa darasa la pili. Na darasa la pili, kwenye dawati la mbele, alikaa mdogo wake.

Baba mtu alikuja maktaba na barua mkononi.

"Dada, nisaidie," alisema. "Mimi niko barabarani wiki nzima, na wifi yako yuko zamu ya mchana mwezi huu wote. Akitoka shule aje kwako. Wewe ndiye unakaa na vitabu."

"Nakaa navyo, sivifundishi."

"Dada, mtoto hali. Anasema akiwekwa darasa moja na mdogo wake atatoroka nyumbani. Na huyu namjua, hatishii bure."

Mama Mikono alimtazama yule mtoto aliyekuwa amesimama kwa mguu mmoja mlangoni. Akatazama vidole vyake. Akaguna. "Kanawe mikono," alisema, na hiyo ndiyo ilikuwa ndiyo yake.

Wiki ya kwanza ilikuwa balaa. Mama Mikono hakujua kufundisha isipokuwa kama alivyofundishwa, basi alimweka mtoto kwenye stuli, akamfungulia kitabu cha shule, akasimama nyuma yake na rula. Kiroboto alisoma neno la kwanza, akasoma la pili, tumbo likaanza. Siku ya Jumatano alikwenda chooni mara tano, mpaka mlinzi wa maktaba akauliza kama mtoto apelekwe zahanati. Alhamisi walinuniana. Ijumaa Mama Mikono alisikia sauti yake mwenyewe ikisema, "Hata hilo neno dogo linakushinda?" na akanyamaza ghafla, kwa sababu maneno hayo aliyajua. Aliyasikia akiwa amesimama juu ya dawati. Aliona aibu siku nzima, na kwa kuwa hakuwa mtu wa kuomba radhi, alimpa mtoto biskuti zake zote.

Jumatatu iliyofuata hakumfungulia kitabu. Alimwambia akae tu aangalie kazi. Mezani kulikuwa na kitabu cha hadithi cha watoto, kinene, cha zamani, kilichobaki nakala moja tu. Kilisimulia mji ambao ngazi zake zilikuwa zinaibwa, ngazi za mafundi rangi, za wachuma matunda, hata ya zimamoto. Mkutubi alikuwa amekiomba kwa unyenyekevu mkubwa, akisema watoto wa zamani walikililia. Gundi yake ilikuwa imekauka na karatasi zote tisini na sita zimeachana. Kazi yenyewe ilikuwa ndogo: kuzipanga kwa nambari, kusawazisha kingo kwenye mashine ya kukatia, kisha kuzishona upya.

Alizipanga, akaziweka kwenye mashine, akashusha kisu huku akimweleza mtoto jinsi mtu asiye makini anavyoweza kuharibu kazi. Kisu kikapita laini kama kawaida. Alipotoa karatasi akaona vipande vilivyokatwa ni vipana mno. Asubuhi alikuwa amekata madaftari makubwa ya ofisi, na kizuizi cha mashine hakukirudisha mahali pake. Alikuwa amekata upande wa chini, upana wa kidole kizima, na nambari za kurasa zote zilikuwa zimelala kwenye ndoo ya taka.

Miaka ishirini na sita hakuwahi kukosea hivyo. Alinyanyua lile fungu la karatasi hadi usawa wa macho kuhakikisha kwamba maandishi yenyewe yamepona. Yalikuwa yamepona. Na hapo Kiroboto, aliyetaka naye kuona, akaruka kutoka kwenye stuli na kumgonga kiwiko.

Karatasi tisini na sita zilitawanyika chumba kizima. Nyingine ziliingia chini ya kabati, nyingine zikatua kwenye beseni la gundi, ambalo kwa bahati lilikuwa tupu. Kiroboto alijikunja akisubiri kofi. Halikuja. Mama Mikono alikuwa ameketi sakafuni, miguu ameinyoosha mbele, akizitazama.

"Shangazi, tuziokote tuzipange," mtoto alisema kwa sauti ndogo.

"Tuzipange kwa kufuata nini? Nambari ziko wapi?"

"Si tumwambie mkutubi?"

Mama Mikono aliikumbuka ile selotepu, na jinsi alivyomnyanyasa kijana wa watu mbele ya wasomaji. Afadhali angeinywa gundi. "Mkutubi hatamwambia mtu," alisema. "Yaani, sisi hatutamwambia mkutubi."

Waliziokota. Karatasi ya kwanza ilijulikana, ilikuwa na kichwa cha sura ya kwanza kwa herufi kubwa. Ya mwisho pia ilijulikana, iliandikwa "Mwisho". Kati yao zilibaki tisini na nne, na njia ilikuwa moja. Ilibidi kusoma maneno ya mwisho ya karatasi moja, kisha kutafuta karatasi ambayo maneno yake ya kwanza yanaendelea pale pale.

"Hii inaishia wapi?" Mama Mikono aliuliza, akimwonyesha ile ya kwanza, kwa sababu miwani ilikuwa imelowa jasho.

Kiroboto aliinama. Hakuombwa ukurasa mzima, yalikuwa maneno matano tu, tena hakukuwa na rula. "'Fundi rangi ali... alipo... alipotaka kushuka, akaona...'" Akainua kichwa. "Akaona nini?"

"Ndiyo tunatafuta."

Walitafuta karibu saa nzima, wakiwa wamepiga magoti. Kiroboto ndiye aliyeipata, chini ya kabati: "'...ngazi haipo.' Shangazi, ngazi haipo! Yuko juu ya paa na ngazi haipo." Akacheka kwa sauti, na Mama Mikono akacheka naye, kicheko cha kukwaruza cha mtu ambaye hajakitumia siku nyingi.

Kesho yake mtoto alifika mbio, mikono ameshanawa. Mama Mikono alikuwa amefunga kamba tatu kutoka ukuta hadi ukuta, na karatasi walizianika kwa vibanio vya nguo, kila moja mahali ilipodhaniwa ni pake. Tangu siku hiyo tumbo la Kiroboto lilipona bila dawa. Alikwama, ndiyo, maneno marefu aliyavunja vipande vitatu akayaunganisha vibaya, akarudia. Lakini alikuwa akirudia mwenyewe, maana neno lililosomwa vibaya halikuungana na karatasi yoyote. Hakuna aliyemwambia amekosea. Karatasi ndiyo ilikataa.

Wiki ya pili ya kazi hiyo alikuwa amevumbua mambo yake. Aligundua kwamba askari wa hadithi ile alikuwa na masharubu mwanzoni, kisha kwenye sura ya tano anayanyoa ili mwizi asimtambue. Basi akagawa karatasi mafungu mawili, za askari mwenye masharubu huku, za askari asiye na masharubu kule, na kazi ikapungua nusu. Ili kugawa hivyo ilimbidi asome karatasi nzima, mbele na nyuma, akimtafuta askari. Mama Mikono aliliona hilo, akanyamaza kimya kama mtu aliyemwona ndege akitua karibu.

Siku moja yeye mwenyewe alibana karatasi kwenye kamba ya tatu, akiwa na uhakika. Maneno yalifuatana bila kasoro. Kiroboto alisimama mbele yake, akasoma kwa kidole, akatikisa kichwa.

"Hii si ya hapa, Shangazi."

"Inaungana vizuri tu. Soma, 'akanywa chai yake.'"

"Inaungana, lakini soma chini. 'Akapangusa masharubu.' Masharubu yapi? Ameshanyoa."

Mama Mikono alisoma chini. Ni kweli. Miaka ishirini na sita hakuna mtu aliyewahi kumsahihisha ndani ya chumba kile, na sasa alikuwa amesahihishwa na mtoto asiyejua kusoma. Aliitoa ile karatasi, akamkabidhi kwa mikono miwili. "Haya, fundi," alisema. "Ipeleke unapojua." Kiroboto aliipeleka kamba ya kwanza akitembea polepole, mara ya kwanza maishani mwake.

Karatasi ya tisini na sita ilikaa mahali pake siku tano kabla ya mtihani. Mama Mikono alichukua sindano. Kiroboto akaweka mkono juu ya karatasi.

"Bado. Hatujakisoma."

"Si tumekisoma wiki zote hizi?"

"Tumekisoma vipande. Tukisome chote. Ukurasa wangu, ukurasa wako."

Jasho likaanza kumtoka shingoni. Alitafuta kisingizio, akagundua kwamba vyote vilivyomjia vilikuwa vya Kiroboto: tumbo, choo. Basi akakaa kwenye stuli na kumwambia mtoto kitu ambacho hata mdogo wake hakukijua, habari ya dawati, neno lililomkwamisha na darasa lililocheka. Kiroboto alisikiliza bila kuruka ruka.

"Ukikwama sitacheka," alisema. "Labda pakiwa na kichekesho."

Walisoma siku tatu. Mama Mikono alikwama mara nyingi kuliko mtoto, kusema kweli, na mara mbili alisaidiwa. Walipofika mwisho wakamjua mwizi, ambaye wote wawili walishamshuku tangu kamba ya pili: fundi saa, aliyekuwa akiziunganisha ngazi zote za mji ili afike kwenye saa ya mnara iliyosimama miaka mingi. Saa ilipogonga kwenye ukurasa wa mwisho Mama Mikono alilia, akasingizia gundi. Kilikuwa kitabu cha kwanza alichokisoma chote, na alikuwa na miaka hamsini na moja.

Siku ya mtihani baba alikuwa safarini na mama zamu, basi Mama Mikono ndiye aliyekwenda. Aliketi nyuma kwenye ofisi ya mwalimu mkuu, kwenye kiti cha mtoto, magoti yamemkaribia kidevu. Alikuwa amejiandaa kusihi. Alikuwa na maneno ya kusihi tayari, ameyarudia njiani, na moyo ulikuwa ukimwenda mbio kuliko siku aliyosimamishwa yeye.

Mwalimu mkuu, mwanamke mrefu asiye na mzaha, alichomoa kitabu rafuni, akakifungua katikati. "Ukurasa huu. Kwa sauti. Usiharakishe."

Kiroboto alikitazama. Kisha akafanya jambo ambalo mwalimu hakulielewa: akarudisha ukurasa mmoja nyuma, akasoma kimyakimya mstari wa mwisho, midomo ikimcheza.

"Nimesema ukurasa huu."

"Ndiyo, Mwalimu. Nilikuwa naangalia unatokea wapi."

Akaanza. Ilikuwa habari ya mkulima mmoja na pampu ya maji iliyogoma. Alisoma kwa kidole. Kwenye "yaliyosababisha" alikwama. Mama Mikono, kule nyuma, akaushika ukingo wa kiti kwa mikono yake miwili. Kiroboto alilivunja neno, akaliunganisha, akaona halikai, akalivunja tena, likakaa. Akaendelea. Hakusoma haraka wala kwa madaha, lakini mkulima alipokasirika sauti yake ilikasirika, na jirani mjuaji alipoingia kumpa ushauri, mtoto alitabasamu kabla ya kusoma alichosema, kwa maana alishaona kinakuja. Akafika chini kabisa: "'Alipofungua kifuniko cha pampu, akaona...'"

Ukurasa ukaisha.

"Inatosha," alisema mwalimu mkuu, akanyoosha mkono achukue kitabu.

Kiroboto hakumpa. Wala hakuwa mkaidi, hakumsikia tu. Alishalamba kidole, akafungua ukurasa uliofuata, macho yakakimbilia juu kutafuta.

"Mtoto, nimesema inatosha. Umefaulu."

"Subiri kidogo, Mwalimu," alisema Kiroboto, bila kuinua kichwa. "Ameona kitu."

Mwalimu mkuu aliurudisha mkono wake mezani. Akamtazama Mama Mikono, na Mama Mikono akamtazama yeye, machozi yakimshuka waziwazi bila gundi ya kusingizia. Wanawake wawili wazima walikaa katika ofisi ile, mmoja kwenye kiti kikubwa na mwingine kwenye kidogo, wakisikiliza hadi walipojua kwamba ndani ya pampu kulikuwa na chura.

Kiroboto alibaki darasa la nne. Wiki iliyofuata mwalimu mkuu alituma watoto watano wenye matumbo mabovu, na barua fupi: "Sijui unawafanya nini. Wafanye na hawa." Mama Mikono alilalamika siku nzima, kisha akaenda kwa mkutubi, akakohoa mlangoni kwanza, akamweleza habari yote ya kisu na nambari. Aliongeza kwamba ile siku ya selotepu alipitiliza. Mkutubi akauliza kama kuna vitabu vingine vilivyoachana. Vilikuwepo kumi na moja. Mama Mikono akaenda dukani kununua kamba.

Kile kitabu cha ngazi kilirudi rafuni kikiwa hakina nambari hata moja. Kikaazimwa, kikaazimwa tena. Baada ya miezi minane kiliingia kwa mlango wa kijani, mgongo umelegea. Mama Mikono alikifungua chini ya taa akiwa na kifutio mkononi. Kwenye kona ya kila ukurasa, pale kidole kinapogeuzia, kulikuwa na alama ya mafuta, ya kahawia, ya vidole vidogo vingi, kuanzia karatasi ya kwanza mpaka ile ya tisini na sita, bila kuruka hata moja.

Alizitazama zote. Kisha akarudisha kifutio kwenye droo, akachukua sindano na uzi, akaanza kushona.